Nani Alimwachia Karama?

Wengi wetu tulisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha 1951, kwa ajili ya mtihani. Tukakariri majina ya wale wajumbe sita, basi. Juzi nimekisoma tena bila kuogopa mtihani, na mwisho wake umenikera.

Karama anashtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria. Mshtaki ni Majivuno, waziri. Mwamuzi ni mfalme, huyo huyo ambaye neno lake ndiyo sheria. Siku sita Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe waliokwenda kutafuta heri ya nchi, wakarudi wakatiwa gerezani. Utetezi mtamu kweli! Mfalme analainika, anamwachia, nasi tunashangilia. Lakini jamani, je, angeamka na hasira siku hiyo? Kilichomwokoa Karama si sheria aliyoipigania, ni moyo wa mtu mmoja.

Nasi chipukizi tumeunakili mwisho huo. Miswada tunayosomeana imejaa rais mwema anayetokea ukurasa wa mwisho kumfukuza waziri mbaya. (Wangu pia umo, nakiri.) Au tunadhani dawa ni kugawa mamlaka tu: Bunge litunge, serikali itekeleze, mahakama iamue, hadithi imekwisha.

Haijaisha. Tazameni Kenya. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge. Mahakama ikaliagiza Bunge litunge sheria ya kulitekeleza hilo. Bunge likasuasua. Februari 2019 zilihitajika kura 233, na wabunge hawakutimia ukumbini. Hawakupinga, unaona? Hawakuja tu! Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, rais akatulia, na Bunge likamaliza muda wake 2022.

Hapo Majivuno ni nani? Kila mmoja anaonyesha kidole mlango wa jirani, na kila mmoja ana kifungu cha sheria mkononi. Mfalme wa kulainishwa hayupo. Riwaya ya namna hiyo ni ngumu: adui hana uso, na kilele cha kisa ni viti vitupu. Shaaban Robert, aliyeandika chini ya mkoloni, hakuwa na viti hivyo vya kutazama. Sisi tunavyo.

Basi nimeuchana mwisho wa mswada wangu. Rais mwema katoka. Mwanamke aliyekuwa akimngoja bado ameketi kwenye benchi, nje ya ukumbi.