Baada ya Upasuaji wa Titi, Karatasi ya Maelekezo Haitoshi

Mwanamke aliyetolewa saratani ya titi, hasa akiondolewa pia tezi za kwapani, hubaki na kazi nyingine nzito: kulirudisha bega lake. Kovu huvuta, mionzi hukakamaza tishu, na hofu humfanya aubane mkono kifuani. Kuchana nywele au kuanika nguo huwa shida.

Jaribio la PROSPER la Uingereza, lililochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2021, lilionyesha namna ya kulikabili tatizo hilo. Wanawake 392 waliokuwa katika hatari kubwa ya matatizo ya bega, kutoka vituo 17, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida: vijitabu vya maelekezo. Jingine lilipata vijitabu hivyo pamoja na mazoezi yaliyosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Jambo la kwanza katika kundi la mazoezi lilikuwa wakati. Mazoezi ya kunyoosha bega yalianza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, kabla bega halijakaza. Ya kujenga nguvu yalifuata mwezi mmoja baada ya upasuaji. La pili lilikuwa ufuatiliaji. Mtaalamu alilipima bega, akarekebisha mazoezi kulingana na hali ya mgonjwa, wakapanga malengo pamoja, na mgonjwa akaandika mazoezi yake nyumbani. Hapo ndipo hofu ilipopata mtu wa kuijibu. Kijitabu hakiwezi kumwambia mgonjwa kama maumivu anayoyasikia leo ni ya kawaida au ni dalili ya hatari.

Baada ya miezi 12, ulemavu wa mkono ulipimwa kwa alama 0 hadi 100, ambapo alama nyingi ni ulemavu mkubwa. Waliofanya mazoezi walikuwa na wastani wa 16.3, wenzao 23.7. Maumivu yao pia yalikuwa machache, na mazoezi hayakuongeza uvimbe wa mkono unaotokana na limfu, jambo ambalo wengi huliogopa.

Muuguzi anayefunga kidonda na kupima majimaji yanayotoka kwenye mrija wa kidonda ndiye humwona mgonjwa mapema kuliko wengine. Akimwuliza anaweza kuinua mkono hadi wapi, na akimpeleka kwa fiziotherapia bila kungoja bega likaze, atakuwa amemsaidia kuupata tena mkono wake. Hospitali iliweke swali hilo katika utaratibu wa kumruhusu kila mgonjwa kwenda nyumbani.