Kalemewa na Nini?

Mwandishi chipukizi mwenzangu, kila hadithi ninayoletewa kusoma hapa Mishamo ina mtu "aliyelemewa". Nauliza: kalemewa na nini? Kimya!

Kulemewa si kushindwa. Aliyeshindwa kabwaga mzigo. Aliyelemewa bado kaubeba, magoti yanamtetemeka. Tena neno lenyewe linadai "na": lazima pawepo kitu kilichomkalia.

Makazi yetu yalifunguliwa 1978 kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi 1972. Wazee wakafyeka pori, wakalima. Nchi inayopokea wakimbizi husemwa imelemewa. Na wao je? Uraia wa Tanzania walitangaziwa 2010, vyeti vikaanza kutolewa 2014. Miaka minne ya kungoja haipimwi kwa kilo, lakini inapinda mgongo. Riwaya iko hapo.

Tazama Kichwamaji ya Kezilahabi (1974). Kazimoto kalemewa na maisha, sawa, ila tunaonyeshwa usomi wake, familia, kijiji, uzito mmoja baada ya mwingine.

Basi ndugu yangu, ukiandika "kalemewa", utaje mzigo. La sivyo atakayelemewa ni msomaji, naye hakawii kukibwaga kitabu.