Taa ya Mbele ya Baiskeli: Mwanga Uanguke Wapi

Taa ya baiskeli mara nyingi huuzwa kwa kummulika mnunuzi usoni. Muuzaji anabonyeza swichi, mnunuzi anafumba macho na kugeuza shingo, na hapo bei inaanza kujadiliwa, maana taa imeshajisifia ukali wake. Jaribio hilo linapima mwanga unaoingia machoni mwa mtu aliye mbele, na huo ndio mwanga ambao mwendeshaji hana kazi nao. Anayekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli anataka mwanga ulale barabarani, pale tairi litakapofika baada ya sekunde tatu au nne. Kwa hiyo nashikilia kwamba taa ya mbele ipimwe kwanza kwa umbo la mwanga wake, na ukali ufuate nyuma kabisa. Anayeanza na ukali hulipa zaidi akaona kidogo, tena huwatia kiwi wenzake njiani.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la msimu. Karibu na ikweta jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na utusitusi haukai hata nusu saa. Mlinzi anayewahi zamu ya usiku, muuza mikate anayetoka kabla ya adhana ya alfajiri, fundi anayerudi Mbagala au Kayole baada ya kufunga kazi, wote hao husafiri gizani Januari hadi Desemba, na barabara nyingi wanazopita hazina nguzo ya taa. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa hukata karibu mita 5.6 kila sekunde. Tukimpa sekunde moja na nusu ya kuona shimo na kufikia breki, ameshakwenda zaidi ya mita 8; breki zenyewe, zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, zitadai mita 5 nyingine. Akiongeza mwendo hadi kilomita 25 kwa saa, jumla inafika mita 18 hivi. Ringi za chuma zikiloweshwa na mvua ya masika, raba za breki huteleza na umbali huo hurefuka sana. Basi taa ya kazini lazima ionyeshe wazi mita 20 mbele, na iyape macho dokezo la kilichoko mita 30.

Sasa tazama kinachotokea kwa taa ya kawaida, ile ya mfano wa tochi, inayotoa duara la mwanga. Ikifungwa kwenye usukani, kimo cha mita moja kutoka ardhini, na kulengwa mita 20 mbele, inainama nyuzi 3 tu kutoka mlalo. Hiyo ni karibu sawa na kutoinama. Nusu ya juu ya duara lake karibu yote inapita hewani: kwenye matawi ya miarobaini, kwenye vioo vya daladala, kwenye macho ya mama anayevuka na mtoto mgongoni. Nusu ya chini nayo haigawanyiki vizuri. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mwale wa nguvu ileile ukianguka mita 3 mbele huwa mkali zaidi ya mara 40 kuliko ukifika mita 20. Jicho hujirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi. Mboni husinyaa kwa sababu ya dimbwi jeupe lililo mbele ya tairi, na ng'ambo ya dimbwi hilo panabaki ukuta mweusi. Mtu akinunua taa yenye mwanga maradufu wa umbo hilohilo, dimbwi nalo linang'aa maradufu, na ule ukuta hausogei kwa kadiri ya pesa alizotoa. Shida ilikuwa mgawanyo tangu mwanzo.

Dawa yake inajulikana na kila dereva, maana taa ya chini ya gari hukatwa juu kwa mstari ili isipande machoni mwa wanaokuja. Ujerumani imelipeleka wazo hilo kwenye sheria ya baiskeli. Kanuni zake za vyombo vya barabarani, zijulikanazo kwa kifupi kama StVZO, zinataka taa ya mbele itoe angalau laksi 10 mahali penye mwanga mkali zaidi, ikipimwa mita 10 mbele, na kuanzia nyuzi 3.4 juu ya hapo mwanga usizidi laksi 2. Taa iliyofaulu hupigwa alama ya mstari wa mawimbi, herufi K na namba. Zipo zinazotoa laksi 100 bila kuvunja kanuni hiyo, na ukizitazama kwa karibu utaona siri yake: katika nyingi, chanzo cha mwanga hakionekani kabisa kutoka mbele. Kimefichwa juu, kinamulika chini au nyuma kwenye kioo kilichopindwa kwa hesabu, na kioo ndicho kinachotupa mwanga barabarani. Mwanga mkali zaidi unakaa chini kidogo ya mstari wa mkato, ule unaokwenda mbali. Ukishuka kuelekea tairi unafifia taratibu, ili jicho likute barabara nzima ina weupe mmoja. Huo ndio ufundi hasa wa taa ya baiskeli, na mtu akishauona mara moja hawezi tena kuridhika na duara.

Kwa hiyo dukani omba ukuta. Ingia penye giza, hata kama ni stoo, simama mita 2 au 3, shika taa mlalo na utazame doa lake. Ukingo wa juu uwe mnyoofu na mwanga ukatike hapo kama kitambaa kilichopindwa. Doa liwe pana kuliko kimo chake, kwa sababu baiskeli hukata kona na mbwa hutokea kando. Pete za giza, michirizi, au pembe zenye rangi ya buluu na njano ni dalili kwamba kioo kimetengenezwa kwa haraka. Pitisha vidole vyako upesi mbele ya mwanga: vikionekana vimekatika vipande vipande, umeme unadundadunda, na mwanga huo utachosha macho. Kisha tikisa taa karibu na sikio. Inayogonga ndani leo itazimika kwenye matuta ya mwezi ujao. Bonyeza swichi bila kuitazama, na uhakikishe kwamba kupunguza mwanga hakukulazimishi kupita kwenye kumetameta au kuzimika kabisa.

Namba za kwenye boksi zina nafasi yake, mradi msomaji ajue zinasema nini. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, popote uendako. Laksi ni mwanga ulioangukia mahali fulani. Ya kwanza ni maji yaliyomo kwenye ndoo, ya pili ni maji yaliyofika kwenye shina la mchicha. Laksi nayo yaweza kudanganya, maana mwale mwembamba kama sindano hupata namba kubwa huku ukimulika upana wa kiganja. Ndiyo maana ukuta unabaki kuwa shahidi mkuu. Ila madai ya uongo hukamatwa kwa hesabu nyepesi. Taa ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati, pungufu au zaidi kidogo. Betri ya 18650, iliyopewa jina kwa kipenyo chake cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa ya kweli na bora kabisa hubeba takriban miliampea-saa 3,500, yaani wati-saa 12 na ushei. Lumeni 1,000 hula wati 10, basi betri moja itadumu saa moja na robo hivi. Boksi linalodai lumeni 5,000 kwa saa 8 linadai wati-saa 400, ambazo ni betri zaidi ya 30, mzigo wa karibu kilo moja na nusu. Betri ya ukubwa huo iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 ni feki, haina haja ya kujaribiwa. Na hata muda ulioandikwa kwa uaminifu una mtego: kwa kipimo cha FL1 kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa tochi, saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Mwenye safari ya dakika 50 anunue taa inayoweza kushikilia kiwango kimoja kwa saa mbili. Lumeni 300 zilizopangwa vizuri zinamtosha.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Huku kwetu madereva wanakuja wamewasha ful, na asiye na taa ya kujibu mapigo ataishia mtaroni. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini tiba yake ni mbaya. Dereva aliyetiwa kiwi, mwenye kioo cha mbele chenye vumbi, haoni tena ukingo wa barabara wala mtu aliye juu ya baiskeli, naye ndiye anayesukuma tani nzima ya chuma kuelekea hapo. Zaidi ya hayo, wengi wanaoumizwa na taa hizo si madereva. Ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wenzako, wanaobanana pembeni pale pale ulipo wewe. Wa pili atasema mkato wa juu unaficha matawi na kamba za nguo kwenye vichochoro. Ni kweli kwa sehemu. Mwanga kidogo unaoruhusiwa juu ya mstari hutosha kung'arisha alama za barabarani, lakini anayepita njia za miti avae pia tochi ndogo ya kichwani na aizime akikutana na mtu. Wa tatu atasema taa ya kumetameta ndiyo inayoonekana zaidi. Kuonekana ni jambo zito: huko Odense, Denmark, kati ya 2004 na 2005, waendesha baiskeli 3,845 walifuatiliwa, na waliofungiwa taa zinazofanya kazi muda wote, mchana na usiku, walipata ajali za kujeruhi pungufu kwa asilimia 19. Hata hivyo usiku kwenye barabara isiyo na taa, mwanga unaokatika humwacha mwendeshaji gizani nusu ya safari, na anayeutazama hushindwa kukadiria umbali wake. Kumetameta kubaki kwa mchana.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni kivuli. Shimo usiku halionekani kwa sababu limemulikwa. Linaonekana kwa sababu ukingo wake umetupa kivuli ndani. Taa iliyo karibu na macho, kama ya kichwani, humulika kila kitu kutoka pale pale unapotazama, na vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe. Barabara hugeuka karatasi bapa. Taa iliyofungwa chini ya usukani, juu kidogo ya madigadi ya mbele, hurefusha kivuli cha kila tuta na kila kokoto, na mwendeshaji husoma ardhi kama asubuhi na mapema. Rangi nayo ina uzito kwenye njia za udongo mwekundu. LED nyingi za bei ya chini huelekea buluu, na mwanga wa namna hiyo una uhaba wa wekundu, ambao ndio hasa udongo wetu huurudisha. Mwanga wa kelvini 4,000 hadi 5,000 hutenganisha vizuri udongo, majani na dimbwi la maji.

Kuhusu gharama, pingamizi lina nguvu: taa yenye mkato halisi si rahisi kuipata sokoni, na bei yake si ya kila mfuko. Lakini baiskeli nyingi za kazi bado zina dinamo inayosugua ubavu wa tairi, na hiyo ni hazina iliyodharauliwa. Dinamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3. Balbu ya zamani ilipoteza karibu zote kwa joto. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa dinamo huzigeuza wati hizohizo kuwa mwanga mara kadhaa, na yenye akiba ndogo ya umeme ndani huendelea kuwaka ukisimama kwenye mataa. Haihitaji chaji, wala haiwezi kuibwa kwa kuchomolewa upesi kama taa zinazofungwa kwa mpira. Asiyeweza hata hiyo, achague tochi ya mwanga mpana na si wa sindano, aiendeshe kwa kiwango cha kati, na aweke juu ya kioo chake kofia ya bati inayotokeza sentimita chache, ambayo hupunguza sehemu ya mwanga unaopanda.

Taa yoyote iliyochaguliwa, ilengwe kabla ya safari ya kwanza. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani. Ikiwa taa iko kimo cha mita moja, mstari wa mkato ushuke ukutani sentimita 10 chini ya kimo hicho, nao utagusa barabara mita 50 mbele. Kwa taa ya duara, katikati ya doa pawe nusu ya kimo, ili paguse barabara mita 10 mbele. Lenga ukiwa umekaa juu ya tandiko, na kama huwa unabeba kreti la mikate au madumu ya maziwa kwenye keria, lenga mzigo ukiwa umefungwa, kwa sababu mzigo wa nyuma hukandamiza tairi na kuinua usukani, na mstari uliowekwa baiskeli ikiwa tupu utapanda hadi usoni mwa wanaokuja.