Uzi Ndani ya Goti

Katwe ni mtaa wa magoti. Fundi wa kuchomelea pale hasimami, anachuchumaa. Geti limelazwa chini, naye analizunguka kwa kunyata, goti moja likigusa udongo ulioloa mafuta, jingine limekunjwa hadi kifuani. Hapo ndipo Kampala inapotengenezewa sigiri, mashine za kusaga mahindi na vipuri ambavyo dukani utaambiwa havipatikani. Ukimpelekea kitu kilichovunjika hasemi katupe. Anakigeuza, anakigonga kwa kucha, anauliza kimeanza kuachia wapi.

Lakini goti la fundi huyohuyo likichanika ndani, yeye hapati wa kumuuliza hivyo. Jumapili amecheza mpira, mguu umekita chini, kiwiliwili kimegeuka, goti likalia ko. Kesho yake limevimba na halikunjuki. Mpaka amfikie daktari amekwisha kukandwa na kuchuliwa, pengine na kudungwa sindano ya kuua maumivu ili amalize kazi ya mteja. Mwisho anaambiwa kuna kipande kimechanika, kitakatwa, na baada ya wiki chache atarudi kazini. Nani atakataa, na kodi ya chumba inadaiwa?

Mimi nataka kuwasifu wanaoshona.

Kinachochanika ni meniskasi, gegedu lenye umbo la hilali. Kila goti lina mawili, yamelazwa kati ya mfupa wa paja na ugoko ili kuupokea uzito wa mtu. Wa kwanza anayejulikana kulishona ni Thomas Annandale, mjini Edinburgh, mwaka 1883, na mgonjwa wake alikuwa mchimba migodi, yaani mtu wa kuchuchumaa kama hawa wetu. Hakupata wafuasi. Mwaka 1897, mwaka uleule daktari Albert Cook alipoanzisha Hospitali ya Mengo, si mbali na Katwe, mpasuaji Bland-Sutton wa London aliandika kwamba gegedu hilo ni mabaki tu ya misuli, halina kazi. Wapasuaji wakaliamini neno hilo, wakaling'oa zima kwa miaka mingi. Mwaka 1948 mpasuaji Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei jinsi magoti yaliyong'olewa gegedu yanavyobadilika na kusagika. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi 1969, mjini Tokyo, ndipo Hiroshi Ikeuchi alipolishona kupitia tundu dogo, akitazama kwa darubini ya goti.

Kazi yenyewe haina vishindo. Goti linajazwa maji ya chumvi ili lipanuke, kamera nyembamba kuliko kalamu inaingia tundu moja, chombo kinaingia jingine. Daktari hatazami goti, anatazama skrini. Kwa ndoano ndogo butu analivuta gegedu, analisukuma, analiachia, akitafuta mchaniko ulipoanzia na unapofika. Yote yanategemea mahali ulipo. Damu hufika ukingo wa nje tu, kiasi cha theluthi ya upana wa gegedu au pungufu. Huko ndani hakuna damu, na pasipo damu uzi hushika leo ukaachia kesho. Akiona upo ukingoni, hakimbilii sindano. Kwanza anazikwaruza kingo za mchaniko mpaka zionyeshe wekundu, maana kidonda kilichozeeka hakiungi kisipoamshwa.

Ndipo zinakuja sindano ndefu zinazopindika, mbili kwa uzi mmoja. Moja inapita juu ya mchaniko, nyingine chini yake, zinatokea nyuma ya goti ambako daktari amekwisha kupasua mlango mdogo. Na nyuma ya goti ndipo palipo na hatari, kwa sababu unapita mshipa mkubwa wa damu wa mguu, na mishipa ya fahamu iko karibu. Msaidizi anaingiza kinga ya chuma iliyopinda ili kila sindano inayotokeza ikwame hapo, isichome kwingine. Zipo kinga za kununua, lakini wapasuaji wengi wamewahi kutumia kijiko cha mezani kilichokunjwa. Kijiko! Fundi yeyote wa Katwe angekikunja huku anazungumza na mteja mwingine. Kisha fundo linafungwa kwa kidole, nje ya kiungo, kwa mkazo wa wastani, kwani ukikaza mno uzi hukata kile unachokishona.

Siku hizi kuna vifaa vya kufyatua mshono kutoka ndani, bila kupasua nyuma. Vinashika vizuri, siwezi kuvisingizia. Ila ni vya kutumia mara moja na kutupa, vinaagizwa kwa dola, na pale visipokuwapo hoja huwa fupi: basi tukate. Sindano ndefu na kijiko vingetosha, kama mkono uliovizoea ungekuwapo. Huo mkono ndio unaotupotea. Miaka ya 1960, mpasuaji Ronald Huckstep wa Hospitali ya Mulago aliwatengenezea watoto wa polio vyuma vya miguu kwa vyuma na mbao za hapa hapa, bila kungoja meli. Mpasuaji wa namna hiyo alijua karakana iko wapi.

Lakini nisimtwishe daktari lawama zote. Gegedu lililoshonwa hudai magongo kwa wiki kadhaa, hudai miezi minne hivi bila kuchuchumaa, na mpira hausogelewi kabla ya nusu mwaka. Hata hivyo takriban mmoja kati ya watano mshono wake hushindwa hatimaye. Aliyekatwa hurudi kazini upesi, na bili ya kukatwa huja akiwa na miaka hamsini. Sisi tunaotaka geti letu Ijumaa ndio tunaomkata.

Wala si kila mchaniko wa kushonwa. Wa mtu mzima, uliotokana na kuchakaa, mara nyingi hautaki kisu kabisa: mwaka 2013 utafiti wa Finland wa watu 146 ulionyesha kwamba waliokatwa hawakupata nafuu zaidi ya waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza. Huyo apelekwe kwenye mazoezi ya viungo.

Ila kijana wako akiumia uwanjani, mpeleke kwa daktari mapema, kabla mchaniko haujasagika. Na kabla ya kutia sahihi ile karatasi, muulize daktari mbele ya kijana mwenyewe: hili haliwezi kushonwa? Akisema haliwezi, mwambie akuonyeshe kwenye picha ni kwa nini.