Akiba ya Marinda

Pindo la sketi lina sentimita 220. Fundi wa Ngungu, katika milima ya Masisi nchini Kongo, akitaka kulitia marinda hakati utepe wa sentimita 220. Anakata wa mara mbili yake. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, kwa hiyo vipande vinne vikiungwa vinampa kama mita nne na nusu. Mteja asiyeijua kazi hushtuka: kitambaa chote hicho kinakwenda wapi?

Hakiendi popote. Utamu wa ufundi huu umo humo.

Fundi hulegeza uzi wa mashini, akapiga mishono mirefu kando ya ukingo, mistari miwili. Mmoja ukikatika wakati wa kuvuta, wa pili unashika. Kisha anaugawa utepe sehemu nne, na pindo vilevile, anabana kwa pini alama juu ya alama. Ndipo anavuta nyuzi za chini, taratibu, kidole gumba kikisogeza mikunjo. Anayejifunza huvuta kwa pupa, akapata bonge upande huu na upara upande ule. Mkono uliozoea hugawa: hapa unapunguza, pale unaongeza, mpaka mikunjo ilingane. Mwisho anashona katikati ya mistari ile miwili, halafu anazifumua nyuzi alizovutia. Zilizobeba kazi hazionekani tena.

Katika milima hii ya Masisi, yenye viazi, maharage na ng'ombe, na yenye vita vilivyowakimbiza watu mara nyingi, mtu anaweza kusema marinda ni anasa. Akina mama wanajua zaidi. Gauni la mtoto likiwa fupi, rinda la chini hulivusha mwaka mwingine. Foronya iliyochakaa ukingoni hurudi ujana kwa mabaki ya kitenge. Na rinda lenyewe ukilifumua, ukalipiga pasi ya mkaa, mita zake zote zipo, tayari kwa pazia au kwa gauni la mdogo mtu. Kilichokunjwa hakikupotea, kiliwekwa.

Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, utawaona wengi Kongo wamevaa kitenge cha chapa moja. Atakayetofautiana na mwenzake atatofautiana kwa mshono: huyu marinda begani, yule kwenye mikono, mwingine yamemiminika toka magotini hadi chini. Kiwanda kimewapa wote ua lilelile. Fundi amempa kila mmoja mwendo wake.

Siku ya kuhama ikifika, kichwa cha mashini hufunguliwa kwenye meza yake, kikafungwa ndani ya kitenge, kikabebwa mgongoni. Nyuma ya mama fundi anatembea binti yake kwa gauni la marinda. Kila akipiga hatua pindo linapepea, na ndani ya mita mbili na ushee zinasafiri mita nne na nusu.