‘Anwani ya umma’ na ‘ukuta wa moto’ ni tafsiri potoshi

MWOMBE fundi wa mitandao akueleze kazi yake kwa Kiswahili. Huenda akakwambia: “Tunaweka anwani ya umma kwa ruta, halafu tunawasha ukuta wa moto.” Tafsiri hizi mbili zina walakini.

Katika ‘shule ya umma’ na ‘mali ya umma’, kirai ‘ya umma’ hudokeza umiliki. Anwani ya IP inayorejelewa hapa aghalabu hutengewa mteja mmoja. Sifa yake ni kwamba hufikika kutoka popote kwenye intaneti, tofauti na zile za ndani zinazoanza kwa 192.168. Basi tuiite ‘anwani ya hadharani’.

‘Ukuta wa moto’ nao humfanya msomaji awazie ukuta unaowaka! Kiingereza kiliazima istilahi hiyo kwenye ujenzi: ukuta unaozuia moto usienee. Katika mtandao, kazi yake ni kukagua data na kuamua ipi ipite, ipi izuiwe. Je, huyo si bawabu?

Kosa hili lina gharama. Anayeweka anwani ya hadharani ameelekeza mlango wake barabarani. Asipoelewa kwamba anahitaji bawabu, wezi hawatabisha hodi.