Gari Hujieleza Mteremkoni

Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inashuka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, kati ya chai na migomba. Hapo ndipo gari hujieleza. Naipenda Subaru Impreza: injini yake imelala chini, magurudumu yote manne yanavuta, nayo haiyumbi konani.

Lakini moyo wangu uko kwa Datsun 240Z, silinda sita kwenye mstari mmoja, iliyoshinda mbio za Safari Rally za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Ile ya mwaka 1973 aliiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Matope yetu yaleyale!

Na hongera kwenu mafundi wa Kyela, mnaoisikiliza injini kwanza ndipo mshike spana. Joto la ukanda wa Ziwa Nyasa haliionei huruma rejeta mbovu.